Mbona ndege wa misitu jirani hawachanganyi damu?

Mwanafunzi wa Chiromo:
Hamjambo, ndugu. Nasoma baiolojia hapa Nairobi na kuna jambo linalonikwaza. Katika vilima vya Taita kuna ndege wa msituni aitwaye kitaalamu Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye makao yake makuu leo ni vipande vitatu vya msitu: Mbololo, Ngangao na Chawia. Vinasaba vya ndege wa vipande hivyo vimeonekana kutofautiana, ilhali kutoka Ngangao hadi Chawia mtu hufika kwa miguu siku hiyohiyo. Ikiwa mtu anafika, mwenye mabawa anazuiwa na nini?

Mvika Pete:
Mwanafunzi, usiyaangalie mabawa. Angalia mahali ndege anapozaliwa na mahali anapokuja kutaga. Mbayuwayu huvuka Sahara kila mwaka, lakini safari hiyo haipeleki jeni, yaani vinasaba, popote iwapo atarudi kuzaa kijijini kwake. Huyu wa Taita naye hula chini ya miti, akipekua majani yaliyooza penye kivuli, na shamba la mahindi lenye jua kali kwake ni kama bahari. Tabia hiyo unaweza kuishuhudia katika msitu wa Karura, hapa Nairobi. Mara nyingi nimemtazama ndege wa kivulini akirukaruka hadi ukingo wa barabara pana, akasimama, kisha akageuka na kurudi kichakani, ingawa upande wa pili ulikuwa hatua chache tu.

Wasipokuja wageni, kila kipande hubaki na bahati yake. Aina fulani ya jeni hupotea kwa sababu tu waliokuwa nayo hawakuacha watoto, na kundi likiwa dogo upotevu huo huenda mbio. Chawia, penye ndege wachache kuliko kwingine, watafiti walipima miguu na kukuta tofauti kati ya wa kulia na wa kushoto imezidi ile ya misitu mingine, dalili ya mwili uliokua kwa shida. Mimi hushika ndege kwa kazi na kuwavika pete za kuwatambulisha, na kila ninapofikiria vipimo hivyo naingiwa na huzuni.

Mwalimu wa Kikuyu:
Nakubaliana na Mvika Pete, ila nisingependa Mwanafunzi aondoke akidhani kwamba lazima msitu ukatwe ndipo tofauti zitokee. Mwaka 1943 Sewall Wright, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba, hata pasipo kizuizi chochote, viumbe wanaozaa karibu na walikozaliwa hutofautiana kadiri umbali unavyoongezeka. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford nchini Uingereza, ambako ndege aitwaye Parus major amefuatiliwa tangu 1947, uzito wa makinda ulikuja kutofautiana kati ya sehemu za msitu huohuo mmoja, kwa sababu wageni hawakuingia kila sehemu kwa kiwango sawa.

Jinsia nayo ina uzito wake. Kwa ndege wengi, jike ndiye anayekwenda mbali zaidi kutoka alikozaliwa, na dume hubaki karibu na kwao, kinyume cha ilivyo kwa wanyama wengi wanyonyeshao. Kwa hiyo madume wanaopakana huweza kuwa ndugu, na damu mpya ikaletwa zaidi na majike.

Mwanafunzi wa Chiromo:
Asanteni sana, wakubwa wangu. Basi kwa nini wasihamishwe wachache kutoka Mbololo hadi Chawia?

Mvika Pete:
Jambo hilo linawezekana. Shelisheli kuna ndege mdogo ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa amebaki kisiwa cha Cousin peke yake, wasiozidi 30, na kwa nadra sana alivuka maji kwenda visiwa jirani. Mwaka 1988 walihamishwa 29 hadi kisiwa cha Aride, wakazaana kwa wingi. Lakini Aride hapakuwa na wenyeji wa aina yake, na Chawia wapo. Ningetaka kwanza ijulikane kama ndege wa Mbololo hawana maumbile ya kurithi yaliyozoea mahali pao, ambayo wakizaa na wenzao wa Chawia yatadhuru watoto. Zaidi ya hayo, msitu wa Chawia ukibaki mdogo vilevile, wageni nao watakosa pa kutagia.

Mwalimu wa Kikuyu:
Na utakapochukua tone la damu kwenye mshipa wa bawa ili upime vinasaba, Mwanafunzi, usichukue kwa makinda watano wa kiota kimoja ukawahesabu kuwa ndege watano wa msitu. Hao ni ndugu, na watakufanya uone tofauti kati ya misitu kubwa kuliko ilivyo.