Lamu hadi Nyayo kwa wikendi moja: basi, SGR au ndege?

Mwalimu wa Langoni
Assalamu alaykum wanajukwaa. Bendi yangu ya rumba, ile niliyoijua utotoni kwenye redio ya marehemu babu, inapiga uwanja wa Nyayo, Nairobi, Jumamosi usiku mwezi huu wa saba. Tuko wanne: mimi, mke wangu, shemeji, na jirani mmoja asiyejua hata wimbo mmoja lakini hataki kubaki nyuma. Tiketi za uwanjani tushanunua. Shida ni njia. Ijumaa mwalimu mkuu kanipa ruhusa, ila Jumatatu saa mbili asubuhi lazima niwe darasani, hapo hakuna mjadala.

Nawaza boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha SGR, ile treni ya Mombasa hadi Nairobi. Shemeji anataka basi mwanzo mwisho, Mombasa tubadilishe tu. Mke wangu anasema ndege kutoka uwanja wetu wa Manda, halafu ananitazama kama vile mshahara wangu hajauona. Waliowahi kufanya safari hii wanasemaje?

Kijana wa Barani, Malindi
Mwalimu, umesahau njia ya nne. Shukeni Malindi Ijumaa, mlale kwangu (samaki wapo, neti zipo), Jumamosi asubuhi mruke kutoka uwanja wetu wa ndege. Angani ni kama saa moja tu. Mnafika Nairobi hamjachoka, na nauli mara nyingi haiumi kama ya Manda.

Mwalimu wa Langoni
Ahsante kwa mwaliko. Na kurudi je?

Kijana wa Barani, Malindi
Kurudi mnafanya hivyohivyo kinyume.

Binti Shela
Hapo ndipo pana mtego. Mabasi ya Lamu mengi hupita Malindi asubuhi. Ukishuka kwenye ndege Jumapili alasiri, basi lishakwenda zake, unalala Malindi tena, na Jumatatu saa mbili wanafunzi wanacheza kombolela.

Yalinikuta mwaka juzi, shoo nyingine, uwanja mwingine. Kwenda kulikuwa raha tupu. Muziki ukaisha saa saba usiku, tukalala kidogo, Jumapili tukapanda treni ya saa mbili asubuhi. Ile inasimama vituo vya katikati, na tulipokanyaga Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, jua lishapinda. Hadi kufika mjini na foleni ile, ofisi ya basi wakatuambia nafasi iliyobaki ni ya kesho asubuhi. Nilifika Mokowe Jumatatu jioni, miguu imevimba, na bosi wangu ashapiga simu mara sita. Kwa hiyo msihesabu safari kuanzia Ijumaa. Anzeni Jumatatu saa mbili mrudi nyuma, mtaona ni njia gani zinabaki.

Shemeji Mtu
Mimi ndiye shemeji anayetajwa hapo juu. Basi mwanzo mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, na muziki unapigwa ndani bure.

Binti Shela
Shemeji, kwa heshima zote, Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, Mombasa hadi Nairobi karibu 480. Jumlisha, kisha zidisha mara mbili. Ukifika Nyayo utasinzia bendi ikipiga.

Nahodha Mstaafu
Vijana, Julai ni kusi. Mkondo wa Manda asubuhi unaweza kuwalowesha maji hata ndani ya boti, simu zifungeni kwenye mfuko wa plastiki. Basi la Mokowe pia halitawasubiri, shukeni gatini mapema. Vitambulisho mkononi: tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni 2014 barabara ile ina vizuizi vya polisi, na asiye na kitambulisho huchelewesha gari zima.

La pili, baridi. Nairobi mwezi wa saba si mahali pa kikoi na kanzu nyepesi. Nilikwenda mwaka mmoja na shati la mikono mifupi, nikanunua koti la mtumba usiku huohuo kwa bei nisiyotaka kuitaja.

Mwamu wa Nairobi
Naishi South B, Nyayo ni jirani yangu, kwa hiyo sikilizeni.

SGR ya saa nne usiku kutoka Miritini huingia Nairobi kabla ya alfajiri. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu mwanzo wa 2024, la kwanza 4,500. Viti vya kawaida vinatazamana na magoti yanagusana, lakini kwa usiku mmoja utavumilia. Kituo kiko Syokimau, si mjini. Hapo kuna treni ndogo ya kukuleta katikati ya jiji, au matatu za Mombasa Road, na Nyayo iko kwenye njia hiyohiyo. Ijumaa mkitoka Mokowe asubuhi, treni ya usiku mnaiwahi, mkilegea njiani hamuiwahi.

Malazi: msiende kulala mbali. Tafuteni Nairobi West. Shoo ikiisha mnatembea kwa miguu, maana usiku ule teksi hujitajia bei wanavyotaka. Na faida ya pili ambayo watu hawaioni: uwanja wa ndege wa Wilson uko papo hapo, na kuna ndege za Wilson kwenda Lamu. Jumapili unaamka, unakunywa chai, unakwenda. Mizigo iwe midogo tu, kilo 15, begi laini.

Mmekata tiketi za wapi uwanjani?

Mwalimu wa Langoni
Za viti. Mke wangu hawezi kusimama muda mrefu.

Mwamu wa Nairobi
Sawa, ila Nyayo ilijengwa kwa mpira na riadha. Kati ya viti na majani kuna njia ya wakimbiaji, kwa hiyo steji inakuwa mbali. Ingieni mapema mkae upande unaoielekea, msikae nyuma ya spika. Waliopo kwenye majani ndio wanaoiona mikono ya mpiga gitaa, na rumba bila kuona ile mikono ni nusu ya utamu.

Kijana wa Barani, Malindi
Basi nashindwa. Lakini samaki wangu walikuwa tayari.

Mwalimu wa Langoni
Tumekaa kibarazani jana baada ya isha na kalamu. Tumeamua: kwenda kwa basi na SGR ya usiku, kurudi Jumapili kwa ndege, Wilson hadi Manda. Ile pesa tunayookoa kwenda ndiyo inayopunguza makali ya kurudi. Shemeji kanuna kidogo, kisha akauliza tiketi ya ndege analipa nani.

Barani, ukisikia honi Ijumaa, toka na hao samaki hadi barabarani, basi litapita hapohapo.

Jirani naye hajauliza bei wala saa. Ameuliza tu kama kwenye ndege atapata dirisha.