Msaada wa haraka: UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya DS (Development Studies) imepangwa Jumamosi na mimi ni Msabato

nuru_ya_alfajiri: Wakuu, wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa kwanza, chuo kimoja cha serikali. Rasimu ya ratiba ya UE imebandikwa, DS imeangukia Jumamosi saa 2 hadi saa 5 asubuhi. DS tunasoma vitivo vyote na kumbi hazitoshi katikati ya wiki, ndiyo maana wameisukumia huko. Nisipotokea nitapewa sapu (mtihani wa marudio)? Usingizi sipati.

Mzee wa Ukumbini: Marahaba binti. Soma Marko 2:27, Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Fanya mtihani, Mungu anaona moyo. Enzi zetu hatukumpangia mwalimu siku.

kijana_wa_ijumaa: Pole dada. Sisi tulikuwa na kipindi Ijumaa saa 6 hadi saa 8 mchana, swala ikawa inamezwa humo humo. CR (kiongozi wa darasa) wetu, Mkatoliki, alizunguka darasa zima kukusanya sahihi, mwalimu akakihamishia Jumatano saa 1 asubuhi. Walionuna ni wapenda kulala. Mpaka leo namwombea dua yule jamaa.

Wakili wa Mtaani: Kutotokea UE bila ruhusa si sapu, vyuo vingi hiyo ni disko, yaani kuondolewa chuo. Unachohitaji ni kuahirishiwa mtihani, na hilo huombwa mapema. Umeandika barua?

nuru_ya_alfajiri: Nimeongea na CR.

Wakili wa Mtaani: Nimeuliza barua.

nuru_ya_alfajiri: Sijaandika. Inapitia kwa mkuu wa idara, naye anasali usharika mmoja na baba yangu. Nyumbani ni Walutheri, baba ni mzee wa kanisa. Nimebatizwa Desemba na hawajui. Tena Novemba nilifanya testi Jumamosi, wataniuliza imani imeanza lini. Ila Jumamosi hiyo niko kanisani, mwenzangu wa chumbani nimeshamwambia asinisubiri. Wa kunirudisha nyuma asijisumbue.

Mama Kachumbari: Kumbe shida si chuo, ni baba! Mwanangu alisilimu akiwa chuoni, nikaambiwa na muuza nyanya sokoni, kapu liko mkononi. Dini yake haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba muuza nyanya alijua kabla yangu. Mwambie baba yako kwa mdomo wako.

Chai Rangi: Hii chai, tena haina tangawizi. Ubatizo wa siri, mkuu wa idara anasali na baba, mtihani Jumamosi, yote kwa mtu mmoja? Na umejiunga jana. Huu uzi wa kuchonganisha dini, ufutwe.

kijana_wa_ijumaa: Hata sisi DS tulifanya Jumamosi, mkuu. Si ajabu.

nuru_ya_alfajiri: Nimejiunga jana kwa sababu wanaonijua wamo humu. Mwisho wa kupeleka malalamiko ya ratiba ni Alhamisi. Mtu atunge kitu hiki ili apate nini?

Wakili wa Mtaani: Hata ikiwa chai, yupo atakayesoma akiwa na shida hiyo hiyo. Uganda, wanafunzi Wasabato waliishtaki Makerere kwa ajili ya vipindi na mitihani ya Jumamosi, wakashindwa hadi Mahakama ya Juu, 2006. Kenya, Mahakama ya Rufani mwaka 2017 iliwapa haki Wasabato wa sekondari. Sisi Tanzania tuna ibara ya 19 ya Katiba, ya uhuru wa dini, lakini usianze kwa kutisha watu na mahakama. Andika barua, ambatisha ya mchungaji, na uwape njia mbili. Moja, ukae chini ya msimamizi tangu asubuhi bila simu, ufanye karatasi ile ile jua likishazama. Mbili, uwekwe na wale wa mtihani maalum. Testi ya Novemba itaje mwenyewe, useme ilikuwa kabla ya ubatizo.

nuru_ya_alfajiri: Mkuu wa idara hawezi kurukwa?

Wakili wa Mtaani: Hapana.

Mama Kachumbari: Ndiyo maana nasema baba asikie kwako kwanza.

nuru_ya_alfajiri: Baba siwezi. Nampigia mama leo jioni, barua naipeleka kesho.

Mzee wa Ukumbini: Mimi bado nasema fanya mtihani.

Chai Rangi: Weka picha ya barua hapa nitaamini.

nuru_ya_alfajiri: Siweki. Ina jina langu.