Mkono wa roboti unanivunjia korosho, niupe "ngozi" gani?

KijanaChikongola:
Wakuu, msaada. Mama anamenya korosho za kuuza hapa Mtwara mjini. Nimemuundia mkono mdogo wa roboti, vidole viwili, mota ya servo na Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta kinachoiongoza), umchambulie: nzima kando, mapande kando. Jana nimeujaribu kwa korosho 20. Zilizovunjika 11, na 3 zilichomoka kama sabuni ya kuogea, zikaishia uvunguni. Mama hakusema kitu. Aliokota vipande akavitia bakuli la mapande, na bei ya mapande nyie mnaijua.

Nikipunguza nguvu inateleza, nikiongeza inapasuka. Halafu hazilingani: daraja la W240 ni korosho 220 hadi 240 kwa ratili, W320 ni 300 hadi 320. Pembe inayoifaa moja inaiua nyingine.

FundiSakiti:
Servo yako haijui nguvu, inajua pembe tu. Ukiituma digrii 40 itang'ang'ania kufika, korosho iwepo isiwepo. Bandika kidoleni sensa ya mbano, ile nyembamba kama karatasi. Ikibanwa, ukinzani wake wa umeme unashuka. Iunganishe na rizista ya kilo-omu 10, pini ya A0 ya Arduino ikupe namba kati ya 0 na 1023. Funga vidole digrii moja moja, namba ikianza kupanda, simama hapo hapo. Gramu kamili usitegemee, sensa hizi huyumba.

BiNewala:
Mwanangu, sisi hatuibani korosho. Tunaisugua taratibu kati ya gumba na kidole cha shahada mpaka unasikia ile ngozi nyekundu imelegea. Inayokataa hailazimishwi, inarudi kukaushwa. Mwaka ambao mafuta ya ganda la nje yalinichoma ncha za vidole zikafa ganzi, nilivunja kuliko hata huo mkono wako.

MwalimuLindi:
Shikamoo mama. Hilo la ganzi limewahi kupimwa. Mwaka 1984 huko Sweden, Johansson na Westling waliwatia watu ganzi ya vidole wakawapa vitu washike. Bila ganzi, mtu hubana kidogo tu kuzidi kiwango ambacho kitu kingeponyoka. Wakiwa na ganzi, walishindwa kurekebisha mbano kulingana na utelezi.

Kwa hiyo kijana, sensa ya Fundi itakuambia umebana kiasi gani, lakini haitakuambia korosho imeanza kuponyoka. Pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, walitengeneza GelSight: kidole cha jeli laini chenye kamera ndogo nyuma yake. Kitu kikigusa, jeli inabonyea na kamera inaona umbo lake. Ukitia jeli vidoti, vikianza kusogea ujue kitu kinateleza. Jaribu na kamera ya kompyuta na silikoni angavu.

KijanaChikongola:
Shikamoo Bi, asanteni wote. Sensa naiagiza Dar, ije na basi. Kwa leo nimevika vidole vipande vya puto: 20 tena, zimevunjika 5, hakuna iliyochomoka. Mwalimu, silikoni ya kuzibia vioo, hii ya dukani, inafaa au ni ngumu mno?