Flashi ya dharura: Recovery Drive, Media Creation Tool au Ventoy?

Kipanga: Wakuu, laptopu yangu ya Windows 11 ni nzima, nataka kuandaa flashi ya kuiokoa kabla haijagoma. Ninayo flashi moja ya GB 32. Nichague ipi kati ya hizo tatu?

Siwatu: Recovery Drive. Inatengenezwa na Windows yenyewe, inataka flashi ya GB 16 kwenda juu. Weka tiki pale pa kunakili faili za mfumo. Ukiacha, utapata zana za kurekebisha tu, kusakinisha upya hutaweza. Microsoft wanashauri itengenezwe upya kila mwaka kwa sababu ya masasisho. Nyaraka na picha zako haizibebi.

Mjukuu_wa_Fundi: Hapo mimi na Siwatu tunatofautiana. Media Creation Tool ni programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya kusakinisha Windows; flashi yake inatosha ya GB 8, na hata mashine ikishakufa unaweza kuitengeneza kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Menyu ya kurekebisha imo humo humo, pamoja na Command Prompt, dirisha la kuandika amri. Recovery Drive haikupi nafasi hiyo, lazima uwe umeiandaa mapema.

Nahodha64: Mnazungumzia kuokoa Windows. Faili je? Ndiyo maana napendelea Ventoy: unaisakinisha mara moja kwenye flashi, kisha unanakili ISO (faili moja lililobeba mfumo mzima wa kuwasha au kusakinisha) kama faili ya kawaida. ISO ya Windows 11 inazidi GB 4, na FAT32, mpangilio wa zamani wa flashi, haiipokei, lakini Ventoy hutumia exFAT, inayopokea faili kubwa. Ongeza ISO ya SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji, na Windows ikikataa kuwaka kabisa utaingia kwa Linux na kuhamishia nyaraka kwenye diski ya nje. Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowasha kompyuta) ikiwa imewashwa, mara ya kwanza itakudai usajili ufunguo wa Ventoy. Fanya hivyo sasa, ukiwa umetulia.

Mwanakombo: Hakuna hata moja itakayokuokolea faili kama diski imefungwa na BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba diski, na huna ufunguo wake wa tarakimu 48. Windows 11 mara nyingi huwasha ulinzi huo yenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na wengi hawajui kama umewashwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`, kisha nakili ufunguo kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyo hiyo!

Mjukuu_wa_Fundi: Hilo ni kweli kabisa. Jingine: laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina VMD, teknolojia ya Intel ya kusimamia diski, na kisakinishi cha Windows kinaweza kudai hakuna diski. Pakua draiva yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, uiweke kwenye flashi.

Kipanga: Basi Ventoy, maana draiva nayo itakaa humo humo. Niijaribu vipi bila kuharibu kitu?

Nahodha64: Kwanza hamisha vilivyomo, Ventoy itaifuta flashi yote. Linganisha SHA-256 (alama ya kuhakiki kuwa faili ni halisi) ya kila ISO na ile iliyo kwenye tovuti rasmi. Halafu washa laptopu kupitia flashi, fungua SystemRescue uone kama diski inaonekana. Kwenye ISO ya Windows ishia kwenye menyu ya kurekebisha, usibonyeze kusakinisha.