Mrejesho: hundi ya Marekani kwa kasha la Zanzibar

Wadau, niliuliza kama nipokee hundi ya dola kutoka kwa mnunuzi wa Marekani aliyetaka kasha langu la mninga lenye njumu za shaba. Asanteni kwa majibu, hata wewe uliyeniita mroho.

Hundi ilifika. Tulikubaliana dola 600, imeandikwa 2,400! Sijauliza kitu, ujumbe ukaingia: chukua chako, inayobaki mtumie msafirishaji wangu leo leo.

Nikaipeleka benki kuulizia tu. Dada wa kaunta alinielewesha vizuri: hundi ya nje hailipwi pale pale, inatumwa kwa benki iliyoitoa ikadaiwe huko, inaweza kuchukua wiki kadhaa, na makato yapo hata ikirudi bila kulipwa. Tena hata pesa zikionekana kwenye akaunti, hundi ikigundulika ni feki benki inazichukua, na ulizokwisha kutuma ni deni lako. Marekani kwenyewe watu wanalizwa hivi hivi, maana sheria yao inazitaka benki zimruhusu mteja atoe pesa ndani ya siku chache, wakati hundi inaweza kurudi wiki kadhaa baadaye. Na kwa aliyesema hundi inayotolewa na benki yenyewe, si ya akaunti ya mtu, ni salama: hizo nazo zinaghushiwa sana.

Nikamjibu bwana huyo atume dola 600 kutoka benki hadi benki, zikiingia msafirishaji wake aje. Kimya mpaka leo.

Kasha bado linauzwa, kwa bei ile ile.