Boa au chatu kwa kuzalisha? Niko Kigoma, jamaa anataka hela wiki hii

Mgebuka_Mkavu
Wakuu habari za humu. Kuna jamaa Bujumbura anauza boa wawili, wale nyoka wakubwa wa Amerika, anasema wamezaliwa kizimbani siyo wa porini. Mimi nina kaeneo karibu na Kibirizi, nataka nianze mdogo mdogo kuzalisha nyoka wa maonyesho, wanafunzi waje na wale wageni wanaopanda boti kwenda Gombe nao wachungulie. Sasa rafiki yangu wa Tabora ananiambia achana na boa, tafuta chatu wa hapa hapa. Yupi anazaa vizuri na hasumbui?

Kaliua_Original
Mkuu umeandika nusu. Ni dume na jike au majike wawili? Umri? Karatasi zipo? Na wewe mwenyewe una leseni ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori? Maana hata huyo chatu wa hapa hapa ni nyara ya serikali, humwokoti tu porini ukaweka ndani.

Mgebuka_Mkavu
Anasema dume na jike. Wakubwa wakubwa hivi, kama mita mbili. Karatasi kasema zitafuata.

Kaliua_Original
Zitafuata 😂😂

VetiPori
Boa wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, huyu wa kawaida Kiambatisho cha 2, na yule wa Argentina yuko cha 1 kabisa, ndicho chenye masharti makali zaidi. Chatu wetu naye cha 2. Akivuka Manyovu bila kibali cha kutoka kule na kibali cha kuingia huku umenunua kesi.

Tuseme karatasi zipo. Boa hatagi, anazaa watoto hai, 20 au 30 ni kawaida na wengine wanafika 60. Jike usimpandishe kabla ya miaka 3 au 4, na awe na mwili. Mimba miezi 5 mpaka 8 kutegemea joto, kizimba upande mmoja kiwe nyuzi 31 au 32 na mwingine 26 hivi ili achague mwenyewe. Wazalishaji wengi wanashusha joto la usiku kwa wiki kadhaa ndipo dume achangamke, Tabora Juni na Julai hiyo baridi unaipata bure, huko ziwani kwako labda ujipange. Halafu omba picha ya mkiani, pembeni ya tundu la haja kuna vijikucha viwili, vya dume kwa kawaida ni virefu zaidi, japo uhakika ni mpaka mzoefu ampime.

Dada_Ujiji
Mimi naogopa hata kusoma ila naendelea kusoma

Mzee_wa_Gungu
Chukua boa mdogo wangu, mayai yatakutoa roho. Nilikuwa nafanya kazi kwa mzee mmoja kule pwani kabla serikali haijafunga biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje 2016, tulikuwa na jike la chatu likataga lundo la mayai, yai moja ukubwa wa chungwa, mzee akaamuru tumnyang'anye mama tuweke kwenye mashine ya kutotolesha maana mashine ndiyo utaalamu. Mayai ya chatu yanagandana, kijana mmoja akaanza kuyabandua kwa nguvu na kuyageuza geuza kama ya kuku, wakati yai la nyoka lililokaa upande huu libaki upande huu huu. Juu ya hapo umeme unakatika usiku, jenereta haina mafuta, asubuhi mashine imepoa, mnawasha, joto linapitiliza, teremosta yenyewe ya kubahatisha. Yakaanza kubonyea, yakawa ya njano, ukungu wa kijani ukapanda, harufu ile sitaki hata kuieleza. Tulipasua moja tukakuta mtoto karibu anakamilika, madoa yote yameshajichora mgongoni. Mzee akatukata mshahara.

Mnyamwezi_Halisi
Mngemwachia mama yake! Chatu wa kwetu anatoka shimoni anaota jua mpaka ngozi inakuwa nyeusi tii, anarudi kuyazungushia mayai joto alilobeba. Huko porini hakuna jenereta.

Kaliua_Original
Si huwa anatetemeka ndo anapata joto?

VetiPori
Wanaotetemeka ni baadhi ya chatu wengine, kama yule wa Burma. Huyu wetu, wa aina ya kusini mwa Afrika, anategemea jua, Mnyamwezi kasema kweli.

Toto_la_Lumumba
Wote hao wakikubana wanavunja mifupa, nyie chezeni tu

VetiPori
Hawavunji. Ile kubana inazuia damu kuzunguka, moyo unashindwa. Walipima kwa boa na panya, matokeo yakatoka 2015.

Toto_la_Lumumba
Sasa hapo ndo umenitoa hofu au?

Kaliua_Original
Kuna boa wa mchanga pia, wa huku huku Afrika Mashariki, maeneo makavu ya kaskazini. Hafiki hata mita, anazaa hai, hali sana.

Mnyamwezi_Halisi
Mgeni alipe kiingilio aone kitu kimejifukia mchangani? Weka chatu wa mita nne uone foleni. Huku Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka, wanacheza naye shingoni tangu enzi za mababu, tena wanazo dawa zao za kuumwa na nyoka.

Dada_Ujiji
Mimi nawaza majirani. Mtaa mzima watasema kaka kafuga nyoka wa utajiri, akijenga ukuta tu kwisha habari yake

Mnyamwezi_Halisi
Dada hayo mambo ya utajiri wa nyoka ni ya huko kwenu Ujiji, kwetu nyoka ni ngoma

Dada_Ujiji
Kwenu ndo hakuna uchawi?? Haya

VetiPori
Wakuu turudi. Usithubutu kuweka boa na chatu banda moja. Boa anaweza kubeba kirusi miaka bila dalili, akimpa chatu, yule anaanza kupinda shingo kuangalia juu, hajui kujigeuza, anakufa haraka. Dawa hakuna. Na utitiri unadhaniwa unakibeba, kwa hiyo mgeni yeyote akae peke yake miezi kadhaa. Mleta mada, wana historia gani ya chakula?

Mgebuka_Mkavu
Anasema wanakula kuku hai.

Mzee_wa_Gungu
Mpe aliyekwishakufa, panya hai anaweza kumtafuna nyoka mgongo ukabaki kidonda.

Kaliua_Original
Leseni hujajibu.

Fundi_Sola
Panya weupe nafuga, niko Mwanga, ukitaka jumla njoo PM. Na sola ya kuwashia taa za joto nafunga pia

Dada_Ujiji
Panya mmoja bei gani? Mtoto wangu anataka wa kufuga tu