Tupeane uzoefu: kushusha rimu na kuvaa tairi za misimu yote kabla ya mvua ndefu

Section58, Nakuru
Wadau, mvua ya Machi ikishika, barabara za Njoro, Molo na Mau Narok hazina huruma na rimu za inchi 18 zilizovaa tairi zenye ubavu mfupi. Wengi sasa wanashuka hadi 16 au 15. Wenye ujuzi mtaje gari, saizi iliyotoka, saizi iliyoingia na kilichogoma. Habari za rangi ya rimu tuziache.

Naanza na hesabu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Rimu ikishuka, ubavu wa tairi lazima upande ili kimo cha gurudumu zima kibaki palepale. Chukua upana, zidisha kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, kisha ongeza inchi za rimu mara 25.4. Kwa Golf Mk7: 225/45R17 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17) inatoa milimita 634.3, 205/55R16 inatoa 631.9, na 195/65R15 inatoa 634.5. Kimo karibu ni kilekile, lakini ubavu umetoka milimita 101 hadi 127. Hizo 26 za ziada ndizo zinazopokea kishindo cha shimo kabla rimu haijaguswa.

Tofauti ya kimo isizidi asilimia 3. Gurudumu likiwa fupi, spidomita inasoma zaidi ya mwendo wa kweli. Likiwa refu inasoma pungufu, na kamera ya polisi haitakuuliza saizi ya tairi.

Milimani_Kisumu
Subaru Forester SH: kutoka 225/55R17 hadi 215/65R16. Kimo 679 kinakuwa 686, yaani ongezeko la karibu asilimia 1. Saizi zote mbili ni za kiwandani, kwa hiyo hakuna kukata wala kupinda madigadi.

Shida inaanzia kwenye kununua rimu. Subaru hiyo ni nati 5 kwa 100, yaani nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, tundu la katikati milimita 56.1. Rimu nyingi za Toyota za 5 kwa 100 zina tundu la 54.1. Nati zinaonekana kulingana kabisa, lakini rimu haikai kwenye habu, kile kitovu cha ekseli inapofungwa rimu. Kuna fundi atakwambia anaipanua kwa mashine. Akikosea katikati hata kidogo, usukani utatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa na hakuna balansi itakayotibu. Tundu likiwa kubwa kuliko habu, hiyo ni rahisi: weka pete za kujazia. Chagua za alumini. Za plastiki hulainika breki zikipata moto kwenye miteremko kama ya Nandi.

La pili ni la gari lolote linalovuta magurudumu yote manne. Tairi nne ziwe za kampuni moja, meno mamoja na uchakavu mmoja. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi kama milimita 6. Sasa angalia spea: ukibaki na ile ya 17 huku gari likiwa na 16 za vipimo nilivyotaja, mzingo unatofautiana kwa milimita 21 hivi. Difu ya katikati itafanya kazi bila kupumzika na kuchemka. Nunua rimu tano, si nne.

Section58, Nakuru
Na aliyekwama njiani na spea ya saizi nyingine?

Milimani_Kisumu
Kwenye Forester za gia otomatiki za namba nne, fungua boksi la fyuzi chini ya boneti, utaona nafasi iliyoandikwa FWD. Chomeka fyuzi hapo, gari litavuta kwa mbele tu. Spea iende nyuma. Ikiwa pancha ni ya mbele, leta gurudumu zima la nyuma mbele kwanza. Endesha polepole hadi kwa fundi, kisha utoe fyuzi. Zenye CVT (gia otomatiki zisizo na namba) hazina nafasi hiyo, kwa hiyo kwao spea tofauti ni ya mwendo mfupi sana.

FundiKondele
Mnazungumzia nati na tundu, mmesahau kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Usinunue rimu ndogo kwa kuambiwa "hii inaingia". Jaribu moja ikiwa tupu, bila tairi. Pandisha gurudumu la mbele, safisha habu kwa brashi ya waya, funga rimu kwa nati zote, izungushe kwa mkono, kisha geuza usukani hadi mwisho pande zote. Kati ya kalipa na rimu ibaki nafasi ya milimita 3 au zaidi. Golf zenye diski ya mbele ya milimita 312 zinataka rimu ya 16 kwenda juu, 15 itakwama. Forester za turbo zenye kalipa ya pistoni nne nazo si za kubahatisha.

Nafasi hiyo ikiwa finyu, mwambie wa balansi asibandike risasi za gundi (vile vizito vya kusawazisha gurudumu) mkabala na kalipa. Zinakwanguliwa mara ya kwanza unapoondoka, balansi imekwisha, na unaanza kulaumu tairi.

ET pia, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Kutoka ET50 hadi ET35 gurudumu linasogea nje milimita 15. Tope linarushwa kwenye milango na beringi inabeba mzigo vibaya.

Rimu za mitumba zikaguliwe upande wa ndani. Mkwaju wa shimo hupinda mdomo wa ndani kwanza, na weldi hufichwa kwa rangi. Kingo ambapo tairi hukaa zikiwa na kutu nyeupe, zisuguliwe hadi ziwe laini, la sivyo upepo utavuja polepole na mtatafuta msumari usiokuwepo. Valvu ziwe mpya kila mara.

Lurambi254
Kuhusu "misimu yote": soma ubavuni. M+S ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba tairi inafaa kwa tope na theluji. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani inamaanisha tairi imepimwa kwenye theluji. Kwetu theluji haipo. Tunachotafuta ni mifereji mipana inayotoa maji. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya mlima.

Jihadharini zaidi na tairi za baridi kali zinazokuja na magari kutoka Japani, zimeandikwa STUDLESS. Mpira wake umetengenezwa kubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Kisumu saa nane mchana unalika upesi, na gari linayumba ukifunga breki. Meno yake mengi yanaweza kukudanganya kuwa tairi ni mpya. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi ilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kibos_Miwani
Tusiwadanganye watu wa Kano. Udongo mweusi wa Ahero na Nyando unajaza mifereji ya tairi ya misimu yote, na baada ya hapo una tairi kipara. Huko ni meno makubwa ya A/T (tairi za kila aina ya ardhi) au kungoja ikauke. Kwenye murram ya Kakamega na lami yenye matope ya trekta za miwa, misimu yote inatosha.

Kapsabet_Juu
Upepo. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Timboroa imepita 2,700. Ukijaza psi 33 Kisumu kwenye joto la nyuzi 31, gari likalala Timboroa kwenye nyuzi 8, baridi inakula psi 3 na nusu hivi. Mwinuko unarudisha kama 2, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi zaidi. Utasoma kati ya 31 na 32. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, ufuate kibandiko cha mlangoni. Ubavu mrefu ukikosa upepo unalala kwenye kona.

Section58, Nakuru
Kufunga je? Golf na Toyota ni tofauti.

FundiKondele
Golf ni bolti M14, kitako cha rimu za kiwandani ni cha mviringo. Rimu nyingi za dukani zinataka cha koni. Ukichanganya, bolti inashika kwa ukingo tu na italegea. Toyota nyingi ni nati M12 kwa 1.5 (unene milimita 12, nafasi kati ya nyuzi 1.5), Subaru ni 1.25, hazibadilishani.

Anza kwa mkono, kaza kwa mpangilio wa nyota, malizia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) gari likiwa chini: Golf 120 Nm, Toyota 103. Bunduki ya upepo isimalizie. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.